Nani Alichinja Kuku wa Harusi

Wanangu, mlipokuja kunitazama hapa Witeithie juzi, mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli nilichinja kuku sokoni Githurai miaka yote ile bila mwanamume kunisimamia. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa wa aibu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ni kweli. Na kwa kuwa kifundo cha mkono kimenistaafisha, na siku hizi kazi yangu ni kuota jua na kugombana na wajukuu, nitawaeleza ilivyokuwa. Mwenye simu aitie mfukoni. Haraka sina, lakini kurudia maneno sipendi.

Kwanza mjue tulivyoishi. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Thika. Baba yangu alikuwa Mmanyema, wa asili ya Kongo, aliyekuja kutafuta kazi ya upishi, na mama yangu Mkikuyu wa Gatundu aliyesilimu alipoolewa. Kwetu kuku alikuwa chakula cha wageni. Mgeni akipiga hodi, kuku anakimbizwa, anashikwa, anafungwa miguu, kisu kinatafutwa, halafu kazi inasimama hapo kwa sababu baba hayuko. Mama anatoka na kuku kwapani na kisu ndani ya kanga, anasimama mlangoni kungoja mwanamume wa Kiislamu apite. Yeyote yule. Hakuna aliyeuliza kama anaswali, wala kama amewahi kushika kisu maishani mwake.

Siku moja mama alimnasa utingo wa lori aliyesimama kununua sigara. Akamuuliza kama ni Mwislamu, akasema ndiyo. Basi akapewa kisu. Yule kijana alikata nusu tu, kuku akainuka na shingo yake inayoning'inia akatembea mpaka kwa jirani, na utingo akakimbilia lori lake bila kuchukua hata soda aliyoahidiwa. Baba alikuja kumalizia jioni. Hata hivyo mtaani walisema ni sawa, maana aliyeanza alikuwa mwanamume.

Hiyo ni ya kuchekesha, lakini ipo nyingine ambayo hainichekeshi. Tulikuwa na tetea mmoja, mtagaji hasa, ambaye aligongwa na baiskeli mbele ya nyumba. Ilikuwa Ijumaa, wakati wa swala, wanaume wote wako msikitini. Mama alikimbia mlango hadi mlango na yule kuku anayehema, wanawake wakatoka, wakamzunguka, wakasikitika. Kisu kilikuwepo. Jina la Mwenyezi Mungu tulilijua sote, hata mimi niliyekuwa sijafika darasa la nne. Kuku akafa mikononi mwa mama yangu, akawa mzoga, akatupiwa mbwa. Niliumia sana, na niliona kuna jambo halijakaa sawa, ila sikujua la kumuuliza nani.

Nilikuja kumuuliza Maalim Bakari. Huyu alitufundisha madrasa jioni, na asubuhi alikuwa mchinjaji wa mbuzi kwenye kichinjio. Alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Nilipomuuliza kwa nini mwanamke hachinji, akaniuliza nani amenipa habari hiyo. Nikasema watu wote. Akafunga juzuu yake, akatueleza kuwa zamani, enzi za Mtume mwenyewe, kulikuwa na msichana mchunga kondoo karibu na kilima pale Madina. Akamwona kondoo mmoja yuko karibu kufa. Hakuwa na kisu, kwa hiyo akavunja jiwe, akamchinja kwa ile ncha yake. Mwenye kondoo akawazuia watu wake wasile mpaka Mtume aulizwe. Mtume akaulizwa, naye akasema kuleni.

Nilikaa na kisa hicho kwa muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kudhani Uislamu wa mwanzo ulikuwa wa wapanda farasi na watu wazito wenye ndevu, kumbe na msichana wa kuchunga alikuwamo, na jiwe lake. Nilijisikia mwepesi sana siku hiyo. Nikamwambia Maalim anifundishe, naye akasema nirudi kesho na kuku wa nyumbani, si wa jirani.

Alinifundisha kwa ukali. Kisu kinatakiwa kunolewa mpaka kikate unywele, na hakinolewi mbele ya kuku, maana Mtume aliwakemea watu kwa hilo. Mnyama anapewa maji kwanza. Mabawa unayakusanya na kuyakanyaga taratibu, miguu vilevile, hukanyagi kama unazima moto. Unamlaza akielekea kibla. Unasema Bismillahi Allahu Akbar, unakata koo la hewa, njia ya chakula na mishipa ya pande zote mbili kwa mpito mmoja wa haraka, na unaacha hapo. Hufiki kwenye mfupa wa shingo. Halafu unamshika mpaka atulie. Kuku wangu wa kwanza nilimwachia mapema, akaruka na kunipaka damu kuanzia buibui hadi viatu, na Maalim akasema, bila kucheka hata kidogo, kwamba sasa nafanana na mtu wa kazi.

Kuhusu kibla, nawaona mkizungusha simu zenu hewani kana kwamba mnatafuta mtandao. Si vibaya. Ila ukiwa Githurai, tazama barabara inakoelekea Thika, kisha geuka kidogo kushoto. Ni hapo. Ukizoea, hata umeme ukikatika na simu ikafa utajua. Wageni wanaotoka pwani huja huku bara wakapotea siku za mwanzo, wanauliza kila mtu, na kila mtu anaelekeza mkono upande wake.

Niliolewa na Ali, Mungu amrehemu, aliyekuwa na kibanda cha kuku Githurai. Yeye alichinja, mimi nilinyonyoa. Kisha macho yakaanza kumwacha. Ilipofika mahali kisu chake kinaikosa shingo na kutafuta kidole changu, nilimwambia, "Baba Zubeda, keti kwenye kiti uuze, mimi nichinje." Alifikiri kidogo tu. Akasema sawa, bora asiulizwe bei, kwa sababu bei alikuwa akizisahau pia. Hatukujificha. Nilichinjia palepale mbele ya watu, na Ali alikaa pembeni akinisifia kwa wateja mpaka nikaona haya.

Wateja wetu wengi walikuwa Wakristo. Mwenye hoteli wa Mwiki alikuwa akija na ndoo, anasema, "Nataka kuku ya Islamu, mtu yeyote akuje akule bila maneno." Hao hawakujali kisu kimeshikwa na nani. Shida ilikuwa kwa wenzetu. Wengine walinunua kuku hai wakaenda kutafuta mwanamume. Wengine waliniuliza maswali ambayo mwanamke haulizwi sokoni, eti je siku fulani za mwezi nachinja pia. Niliwajibu kwamba nachinja, na kwamba kuku huwa hamuulizi mchinjaji habari za mwezi. Walioridhika walibaki, wasioridhika walienda zao, na biashara ilitupa riziki yetu.

Mambo yamebadilika. Tulichemsha maji kwa kuni, tukanyonyoa kwa vidole mpaka kucha zikalegea. Leo kuna mashine inayozunguka na kumvua broila manyoya kabla hujamaliza kupiga chafya. Ni nzuri, mimi siipingi. Ninachopinga ni mwenye haraka anayemtumbukiza kuku kwenye maji moto angali anapiga mateke. Huyo hafuati dini wala hana huruma. Na kuna yule kijana wa Ruiru aliyenishauri nirekodi bismillahi kwenye simu, nifungue spika, halafu nichinje nikiongea na wateja. Nilimwambia spika haina imani, na kwamba akileta mchezo huo kwangu nitamnyonyoa yeye. Alifikiri natania.

Sasa nije kwenye harusi, maana najua hiyo ndiyo mnayoingojea.

Jirani yangu sokoni alikuwa Mama Shiru, muuza nyanya, Mkikuyu, mwanakwaya wa kanisa lake. Mvua ikinyesha tulijikinga chini ya turubai moja, na kelele zetu zilikuwa moja pia. Binti yake Shiru alisilimu, akaitwa Halima, na akachumbiwa na Yusufu, fundi wa umeme kutoka Majengo. Mama Shiru aliikubali ndoa hiyo, lakini ilimgharimu. Kaka yake, mzee wa kanisa aliyeitwa Kamau, alimwambia mbele ya ukoo kwamba amempoteza mtoto. Akasema Waislamu watakuja siku ya harusi, hawatagusa chakula chake, watamchukua binti na kuondoka, na kuanzia hapo Mama Shiru atakuwa mgeni kwa wajukuu wake mwenyewe.

Hilo la chakula lilimwingia moyoni. Alinifuata kibandani, mikono bado ina udongo wa nyanya, L na R zikimgongana ulimini kama kawaida yake.

"Mama Zubeda, mimi nataka tu wakule kwangu. Wakikula kwangu, basi tumekuwa watu. Wakikataa, Kamau atakuwa alisema ukweri, na Shiru wangu ataenda huko kama mtu hana kwao."

"Watakula," nikamwambia.

"Unajua aje?"

"Kuku nitachinja mimi."

Nilisema hivyo kwa kiburi kidogo, nawaambia wazi. Mama Shiru alinunua sufuria mpya ambazo hazijawahi kuona nguruwe. Akatafuta mpishi wa pilau wa Kiislamu kutoka Majengo. Akafagia uwanja wa nyumba za kupanga kule Mwiki alikokaa, akakodi hema, akaomba majirani waanue nguo zao siku hiyo. Nami nilifika alfajiri na kisu changu, nikachinja kuku wote palepale uani, yeye akishika beseni na kuniuliza kila mara kama kila kitu kinaenda sawa. Sijawahi kuchinja kwa uangalifu kama siku ile.

Ndoa ikafungwa msikitini. Wanaume wakarudi wakakaa chini ya hema pamoja na sheikh, wakapakuliwa kwanza. Wanawake tuliingia sebuleni kwa Mama Shiru, tukakaa mkekani kuzunguka masinia. Mgeni mkubwa upande wa bwana harusi alikuwa Bi Mwanaidi, shangazi yake Yusufu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ndiye hasa aliyekuwa mama mkwe. Mwanamke mrefu, msafi, mwenye sauti ya kuamuru. Alikuja na mama yake mzazi, Bibi Mwajuma, ambaye kwa ajili ya magoti alikalishwa kwenye kochi na kupewa sahani yake mwenyewe, kisha akasahauliwa.

Bi Mwanaidi alinawa, akasifu harufu, akachukua paja la kuku. Halafu akauliza, kwa wema tu, jinsi mtu anavyouliza ili kumsifu mwenye nyumba, "Nani kawachinjia?"

Mama Shiru alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Uso ulimng'aa. "Ni huyu rafiki yangu. Hakuna mtu anachinja kama yeye Githurai yote."

Bi Mwanaidi akaufuata ule upawa kwa macho mpaka kwangu. Akalirudisha paja kwenye sinia, polepole, kwa heshima. "Huyu?"

"Huyu."

"Mwanamke?"

Mikono yote ikaacha kula. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyenuna. Walijifuta vidole tu na kutazama mkeka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Kamau alikuwa ameingia na kreti ya soda, akasimama nayo nyuma ya dada yake, akaona masinia yamejaa na mikono iko mapajani.

Mama Shiru alinigeukia. "Sasa nimewakosea aje? Si uliniambia ni harari?"

Niliwaza kibanda changu, na habari itakavyofika sokoni kabla yangu. Lakini zaidi nilimwonea huruma mwanamke yule. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa, na kasoro iliyotokea ilikuwa ni mimi.

Nikajikohoza, nikawasimulia habari za msichana wa Madina na jiwe lake. Nilisimulia vibaya, kwa haraka, nikachanganya mwanzo na mwisho. Bi Mwanaidi alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hiyo ni Madina, dada yangu," akasema. "Yule alikuwa porini na kondoo, peke yake. Hapa ni Mwiki. Wanaume wamejaa uani."

Mwingine akasema aitwe sheikh. Sheikh akaja mpaka mlangoni, akasimama nje kwa adabu, vidole bado vinang'aa mafuta. Akaniuliza kama nilitaja jina la Mungu. Nikasema nilitaja. Akaniuliza nilichokata, nikamweleza. Akasema, "Ni halali, hakuna wasiwasi. Kuleni, bibi harusi asikae na huzuni siku yake." Akarudi kwenye hema.

Nikajua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Bi Mwanaidi alitikisa kichwa taratibu. "Sheikh ameshakula sahani nzima na nusu ya pili. Ulitaka aseme nini?" Wengine wakacheka ndani ya mitandio yao, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nikaelewa kwamba halikuwa jambo la hukumu. Walikuwa wamekua wakiona hivyo, na wameona hivyo kwa mama zao, na huwezi kumwambia mtu mzima ameze kitu ambacho koo lake limekikataa.

Basi kwenye kochi ikasikika sauti ya mfupa unaotafunwa.

Bibi Mwajuma alikuwa hajaacha kula hata dakika moja. Alitoa kipande cha mfupa mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani.

"Mwanaidi. Baba yako alikufa ukiwa na umri gani?"

"Mama, tuko kwa watu."

"Najua tuko kwa watu, ndiyo maana nauliza. Alikufa ukiwa mdogo?"

"Nilikuwa naanza shule."

"Baada ya hapo kuku wa Idi mlichinjiwa na nani?"

"Mzee Hamadi, jirani. Ulikuwa ukimpelekea kila mara, ukirudi naye ameshachinjwa."

"Hamadi alikuwa mtu wa kulala mpaka adhuhuri," Bibi Mwajuma akasema. "Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikachinja. Kuku wote mliokulia nyinyi ni mkono huu."

Aliunyanyua, mkono mwembamba wenye wali kwenye vidole. Bi Mwanaidi alikuwa amefungua mdomo.

"Kila Idi?"

"Na kila mgeni. Na ule mwaka uliopata surua, ukawa huli kitu ila supu."

"Mama, kwa nini hukutuambia?"

"Mngekula?" Bibi Mwajuma akauliza. Alimtazama binti yake kwa upole kabisa. "Nilikuwa mjane, nina watoto wa kulisha. Sikuwa na nafasi ya kumngoja Hamadi aamke. Nilisema jina la Mola wangu, nikakata. Sasa nipe hilo paja kama hulitaki, maana mimi hili la kwangu limekwisha."

Bi Mwanaidi alilitazama lile paja. Akamtazama mama yake. Nikaona mabega yake yakianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kikimpanda. Alicheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani. Chumba kizima kikamfuata, wanawake wanashikana, mmoja anasema hata yeye amewahi kumshuku mama yake, mwingine anasema wa kwake tusimtaje maana yuko nje. Kisha Bi Mwanaidi akalichukua lile paja, akasema bismillahi, akauma.

Mama Shiru alikuwa hajafuata mazungumzo yote, Kiswahili cha Majengo kilikuwa kikimpita mbio. Alinikaribia, akaniinamia sikioni.

"Wanakura?"

"Wanakula."

"Kabisa?"

"Tazama mwenyewe."

Akatazama. Halafu akakaa palepale kizingitini, upawa juu ya magoti, akalia kwa raha. Sijui kama nimewahi kusikia raha kama ile niliyoisikia nilipomwona analia hivyo. Kamau alisimama kidogo na kreti yake, kisha akaitua, akatoa kifungulio mfukoni, akaanza kufungulia wanawake wa Majengo soda mmoja mmoja, akiwauliza kila mmoja anataka ya rangi gani. Alipofika kwa Bibi Mwajuma alimfungulia kwa mikono miwili. Baadaye nilimwona chini ya hema na sahani ya pilau, akiiombea kwa Kikuyu kwa kirefu kabla ya kuila, na sheikh ameketi kando yake akimngoja amalize ili waendelee na mazungumzo ya bei ya mbolea.

Mnaniuliza kama baada ya hapo wateja wote walinikubali. Hapana. Wapo waliokataa mpaka siku niliyofunga kibanda, na sikuwahi kumlazimisha mtu. Dini ni moja lakini matumbo ni ya watu mbalimbali. Mtu akikwambia moyo wake hautulii, mwambie karibu, mfungie kuku wake akiwa hai, mpe maji ya kunawa, na umwombee safari njema. Wewe kazi yako ni kisu kikali na jina la Mungu, na kuwa mkweli kwa kila anayeuliza. Mkishika hayo, nyinyi wasichana, hamtahitaji ruhusa ya mpita njia.

Ila lipo jambo moja la mwisho, na hili sijalisimulia kwa watu wengi.

Harusi ilikuwa imeshasahaulika, Halima ameanza kunenepa kwa mimba ya kwanza, nilipomwona Bi Mwanaidi akija kati ya vibanda vya Githurai, ameinua ncha za buibui asiguse matope. Alikuwa ametoka Thika na kuku kwapani. Jogoo mwekundu, mzito. Alisalimu, akasimama. Nilimpa kiti, akakataa.

"Sikuja kukaa," akasema. "Nyumbani mwanamume hayuko tangu mwezi jana, na kijana wa jirani ninayemtegemea akishaamka ni saa sita. Nimechoka kungoja watu waamke. Nifundishe."

Alikuwa na kisu cha kukatia vitunguu, butu hata kwa kitunguu. Nilikiweka kando nikampa changu. Nikamwonyesha mabawa, nikamwonyesha miguu, nikamgeuza kuelekea panapotakiwa. Nikamwambia asikate akiwa amefumba macho. Akafumbua. Akasema bismillahi kwa sauti iliyowafanya wauza sukumawiki wageuke, akapitisha kisu mara moja, na ukawa mpito mzuri, mzuri kuliko wangu wa kwanza kwa mbali.

"Imekwisha?" akaniuliza.

"Imekwisha. Mshike mpaka atulie."

Akamshika. Jogoo alipotulia, Bi Mwanaidi alibaki amechuchumaa pale, anatazama mkono wake. "Ni hivi tu," akajisemea.

Nilimnyonyolea na kumkatakata. Akaigawa nyama mafungu mawili, akaitia moja kwenye mfuko, akapita upande wa pili ambako Mama Shiru alikuwa amesimama nyuma ya nyanya zake muda wote huo, hajui kama asalimie au ajifanye hajaona. Bi Mwanaidi ni mtoto wa Thika, Kikuyu anakijua tangu utotoni, ila kwa watu wa Halima alikuwa hajawahi kukitumia. Siku hiyo alikitumia.

"Muthoni," akamwita, yaani mkwe wangu. "Chukua. Nimechinja mwenyewe."

Mama Shiru alifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma. Akaupokea ule mfuko. Kisha akafunika nyanya zake na gunia, saa nne asubuhi, soko limejaa wateja, akamshika Bi Mwanaidi mkono, wakaenda Mwiki kupika.